Magamba yaliyosimama kwenye ngumi: uchambuzi wa kisa cha jozi moja ya glavu

Glavu za sufu nilizozifuma na kuzipamba kwa magamba ya alumini zilirudi siku ya nane tangu nizikabidhi. Aliyezirudisha ni mwigizaji wa jukwaani, dada mmoja mpole asiye na desturi ya kulalamika, ambaye katika mchezo wao ni mlinzi wa joka. Alivaa ya kulia, akanyoosha mkono juu ya meza yangu. Magamba yalikuwa yamelala vizuri, yanang'aa, nikaanza kujiuliza amefuata nini. Ndipo akakunja ngumi. Safu mbili za mbele zikainuka kama manyoya ya shingo ya jogoo aliyechokozwa, na chini yake uzi wa kijivu ukachungulia.

"Fundi," akasema, "hizi zinaniuma mimi badala ya adui."

Malalamiko yake yalikuwa manne. La kwanza ndilo hilo la ngumi. La pili, kuna tukio ambapo anaingiza mkono ndani ya joho kutoa barua: mkono unaingia bila shida, lakini kutoka hautoki, na bitana ya joho imeshachanika mara mbili. La tatu, magamba mawili yamedondoka. La nne, ya kushoto ina safu zinazokwenda upande karibu na kifundo cha mkono, kama mtu aliyeandika kwenye karatasi isiyo na mistari. Hilo la nne alilitaja kwa aibu kidogo, akidhani huenda ndio mtindo wenyewe. Haukuwa mtindo.

Nilichokuwa nimefanya

Glavu hizi hazina vidole. Ni mfuko unaoanzia juu kidogo ya kifundo cha mkono, unapita mgongo wa kiganja, na kuishia katikati ya pingili ya kwanza ya vidole, na kidole gumba kina tundu lake. Upande wa kiganja ni ufumaji mtupu. Magamba yako mgongoni tu.

Kwa asiyewahi kuyaona, magamba ya kufumia ni vipande vya chuma chembamba vyenye umbo la jani, vimebonyea kidogo kama kijiko, na karibu na upande mmoja vina tundu la duara. Niliyotumia ni ya alumini, ya ukubwa mdogo: urefu milimita 22, upana milimita 14, tundu milimita 4. Ni alumini iliyozamishwa kwenye tindikali na kupitishwa umeme hadi ikaota ngozi ngumu ya oksidi, na rangi ikanywea humo. Alumini tupu isiyo na ngozi hiyo huacha weusi kwenye uzi na kwenye mkono, kwa hiyo siitumii kwa kitu cha kuvaliwa.

Kuna njia mbili za kuyaingiza. Unaweza kuyatunga yote kwenye uzi kabla ya kuanza, kama shanga, kisha kulisogeza moja kila unapolihitaji. Ubaya wake ni kwamba uzi uleule unaburuzwa ndani ya matundu ya chuma mita hata mita kabla haujafumwa, na unafika kazini umeshachoka. Njia ya pili, ninayoifuata, ni kuweka gamba moja moja: unapita na sindano nyembamba ya kroshia kwenye tundu, unanasa kitanzi kilicho kwenye sindano ya kushoto, unakivuta kitokeze mbele ya gamba, unakirudisha kwenye sindano na kukifuma. Gamba linabaki limening'inia kwenye kitanzi kama ufunguo kwenye msumari.

Uzi wangu wa kwanza ulikuwa sufu laini ya unene wa kati, ya mkondo mmoja usiosokotwa sana, kwa sindano za milimita 4. Nilifuma kipande cha majaribio, nikahesabu vitanzi 20 na mizunguko 28 kwa kila sentimita 10. Kiganja chake kina mzunguko wa sentimita 20. Nilianza na vitanzi 36, yaani sentimita 18, ili glavu ishike. Gamba moja kila vitanzi vinne, safu mpya kila baada ya mizunguko minne, na kila safu imesogea vitanzi viwili ili gamba likae katikati ya mawili ya safu iliyotangulia. Nilianzia kifundo cha mkono nikienda vidoleni, kama kila mtu anavyofuma glavu.

Kila uamuzi katika aya hiyo ulikuwa wa kawaida, na karibu kila mmoja ulichangia kuharibu kazi. Hapo ndipo kisa kinaponivutia. Sikukosea hesabu ya vitanzi na mkono haukuteleza. Nilipanga glavu ya sufu, kisha nikaipamba kwa magamba, wakati kitu kinachostahili kupangwa kwanza ni magamba.

Ngumi

Nilimwomba aniachie glavu na pia aniachie mkono wake kwa nusu saa. Nilichukua kalamu ya wino nikamwekea nukta mgongoni mwa mkono, moja kila sentimita moja, kuanzia kifundo cha mkono kupita kifundo cha kidole cha kati hadi kwenye pingili. Mkono ukiwa umenyooka nukta ya kwanza na ya mwisho zilitengana sentimita 13. Alipokunja ngumi nililaza uzi juu ya nukta na kuupima: karibu 15.

Nilitarajia ongezeko. Sikutarajia mahali lilipo. Nukta za mgongo wa kiganja hazikusogeleana wala kuachana kwa kiasi cha kuonekana, na zile za pingili vilevile. Karibu ongezeko lote lilikuwa kati ya nukta tatu zilizopanda juu ya kifundo cha kidole. Ukifikiri kidogo unaona sababu. Kidole kinageuka robo duara kuzunguka katikati ya kiungo, na ngozi ya juu iko kama milimita 12 kutoka katikati hiyo. Robo ya mzunguko wa duara lenye nusu kipenyo cha milimita 12 ni kama milimita 19. Ngozi inazipata kwa kuwa ina mikunjo ya akiba pale pale, na ndiyo maana vifundo vya vidole vyetu vina makunyanzi mkono ukinyooka. Glavu yangu haikuwa na akiba yoyote mahali hapo. Ilikuwa na chuma.

Sasa tazama gamba lenyewe. Kwa kuwa nilifuma kutoka kifundo cha mkono, na gamba huning'inia kuelekea sehemu iliyokwisha kufumwa, ncha zote zilielekea kiwiko. Safu ya mwisho ilikuwa imefungwa upande wa pili wa kifundo cha kidole, juu ya pingili, na ncha zake zikirudi nyuma juu ya kiungo. Gamba halipindi. Kidole kilipogeuka, tundu liligeuka nacho, na gamba likabaki kwenye mstari wa pingili, ncha ikiwa hewani. Kutoka tundu hadi ncha ni milimita 18. Kwa hesabu ya duara lile, ncha inapaswa kusimama karibu milimita 10 juu ya ngozi. Rula ilionyesha 8, kwa sababu sufu ilikubali kuvutwa kidogo.

Kakakuona anafanya jambo hilohilo kwa makusudi. Akitembea, magamba yake yamelala kama vigae. Akijikunja kuwa mpira, mgongo unakuwa duara kali, na kingo za magamba zinatokeza nje, na mnyama anayetaka kumng'ata anakutana nazo. Kwake ni ulinzi. Mwigizaji wangu alikuwa anajikwaruza shavu kila anapoinua ngumi usoni.

Kwa hiyo dawa ya kwanza niliyoifikiria, ya kuongeza magamba ili kufunika nafasi iliyofunguka, ingezidisha ubaya. Hakuna gamba la milimita 22 litakalolala kwenye tao la nusu kipenyo cha milimita 12, hata ulisogeze vipi. Niliwaza pia kuyaunganisha magamba jirani kwa jirani. Mafundi wa deraya za Kirumi walifanya hivyo: waliyafunga magamba ya safu moja kwa waya, kisha wakaishonea safu kwenye kitambaa au ngozi. Safu ya namna hiyo haipinduki ovyo. Lakini kifua hakikunji ngumi, na mimi nilihitaji kitu kinachovutika. Niliacha.

Mtego wa dema

Lalamiko la joho lilinichukua dakika chache kulielewa na siku mbili kuliamulia.

Ncha zikielekea kiwiko, mkono unaoingia kwenye nguo unateleza, maana nguo inapita juu ya magamba kwa upande yanapolala. Unapotoka, kitambaa kinarudi kinyume, kinaingia chini ya ncha, na kila ncha inakuwa ndoana. Ni dema la kuvulia samaki: mlango wa kuingilia umesukwa ili ukubali kuelekea upande mmoja tu. Ukizigeuza ncha zielekee vidoleni, tatizo linageuka pia. Mkono unapoingia ndipo unapokwama, na kutoka ni kuteleza. Vilevile kwa mkono wa koti: unapolivaa, kitambaa kinasafiri kuelekea kiwiko na kinakutana na ncha uso kwa uso.

Yaani hakuna uelekeo usiokwama. Kuna kuchagua tu unataka kukwama wapi. Nilimuuliza yeye, kwani jukwaani ni yeye. Alijibu bila kufikiri sana: "Nikikwama kuingia nitajifanya natafuta. Nikikwama kutoka nimekwisha." Nikaandika kwenye daftari: ncha kwa vidole.

Uelekeo huo una faida nyingine ambayo sikuiona mwanzoni. Mikono yetu muda mwingi imening'inia, na ncha zikielekea vidoleni uzito wenyewe unalilaza gamba. Akiinua mikono juu, bila shaka, magamba yote yanakuwa kichwa chini na yanaweza kupinduka. Yasipinduke, kila gamba lazima likandamizwe na la safu iliyo juu yake. Hapo ndipo tunarudi kwenye kipimo.

Kipimo kilichopimwa mahali pasipo

Vitanzi vyangu 36 vilikuwa sentimita 18 mezani na sentimita 20 mkononi. Ni kawaida ya glavu yoyote inayoshika, na kwa glavu ya sufu tupu hakuna anayejali. Kwa magamba, kila vitanzi vinne vilivyokuwa milimita 20 vikawa kama 22. Gamba lina upana wa 14. Kati ya jirani na jirani kulibaki milimita 8 za sufu. Safu na safu zilitengana milimita 14, na gamba likishuka 18 kutoka tundu lake, basi lilikuwa linaipita safu ya pili kwa milimita 4 tu, tena kwa ncha yake, sehemu nyembamba kuliko zote. Mgongo wa mkono ulionekana umefunikwa kwa sababu vitu vinavyong'aa huhadaa macho. Kwa kweli kila gamba lilikuwa peke yake, halijashikwa na mwenzake.

Niliona uwazi huo wakati nafuma, nakiri. Karibu na kifundo cha mkono cha glavu ya kushoto nilijaribu kuuziba kwa kuweka gamba kila vitanzi vitatu. Tatu haigawanyiki kwa mbili. Safu inayofuata haiwezi kukaa katikati. Inasogea kitanzi kimoja au viwili, na ukirudia inasogea tena upande uleule. Ndiyo ile safu iliyokwenda upande. Idadi ya vitanzi kati ya magamba lazima iwe shufwa, basi, na kwa gamba la upana huu ni nne, kwa kuwa mbili ni msongamano usiopinda hata kwenye kiganja kilichonyooka.

Nilipokubali kwamba nne haibadiliki, swali liligeuka. Halikuwa tena "gamba kila vitanzi vingapi?" bali "kitanzi kiwe na upana gani?" Vitanzi vinne, glavu ikiwa mkononi, vizidi upana wa gamba kwa milimita mbili au tatu, yaani kama 16 au 17. Kitanzi kimoja milimita 4 na kitu. Mezani, kabla ya kuvutwa, kama 3.85. Hiyo ni vitanzi 26 kwa sentimita 10, na sasa ndipo unapokwenda kutafuta uzi na sindano zinazokupa 26. Uzi unachaguliwa mwisho. Nimefuma miaka mingi nikianza na uzi ninaoupenda, na kugeuza mpangilio huu kuliniuma kidogo.

Uzi uliokubali ulikuwa ule wa soksi, robo tatu sufu na robo nailoni, wenye nyuzi nne zilizosokotwa pamoja, kwa sindano za milimita 3. Safari hii kipande cha majaribio kilikuwa na magamba ndani yake, nikakifua, nikakitundika usiku kucha, kisha nikakipima kikiwa kimevutwa juu ya chupa yenye mzunguko wa sentimita 20. Tofauti na kipande kisicho na magamba ni ya kweli. Kitanzi kinachobeba gamba kinapaswa kupita tunduni na kupanda juu ya ukingo wake, kwa hiyo kinakula uzi zaidi, na kinauchukua kwa jirani zake. Kitambaa kinajivuta. Kipande kitupu kingenidanganya tena.

Magamba yaliyodondoka

Hapa nitapita haraka. Matundu hutobolewa kwa mashine, na mara nyingine upande mmoja wa tundu unabaki na kijino cha chuma ambacho jicho halikioni. Sufu yangu ya mkondo mmoja, ikisuguliwa na kijino hicho kwa siku nane za mazoezi, ilikatika. Kupitisha soksi nyembamba ya nailoni juu ya tundu kunatosha kuligundua: tundu bovu linanasa. Kati ya magamba 150 niliyoyapima hivyo, tisa yalinasa. Kuyapiga tupa haifai, kwani unaondoa ile ngozi ya oksidi na kuacha alumini tupu inayochafua uzi. Niliyaweka kando.

Unene wa uzi nao ulihusika. Kitanzi ni uzi mara mbili, na tundu ni milimita 4. Ile sufu ya kwanza ilijaa tunduni hadi gamba likashindwa kuzunguka. Gamba lililobanwa hivyo halilali. Linasimama kwa pembe yoyote lililoachiwa. Kabla ya kununua uzi wa kazi hii, pitisha kipande chake kilichokunjwa mara mbili kwenye tundu, shika juu, na uone kama gamba linabembea kwa uzito wake lenyewe. Lisipobembea, tafuta uzi mwingine.

Jozi ya pili

Ncha zikitakiwa kuelekea vidoleni, na gamba likining'inia daima kuelekea mwanzo wa kazi, basi kazi inaanzia vidoleni. Ni kama kuezeka paa: mwezekaji anaanza ukingoni, chini, na kila safu mpya inaulalia mwisho wa ile iliyotangulia.

Nilianza na vitanzi 48, kwa ulegevu, nikafuma mizunguko 18, mmoja wa vitanzi vya mbele na mmoja wa vitanzi vya nyuma, kwa zamu. Ufumaji huo unajikunja wenyewe kuwa matuta ya kulala, na ukivutwa kwa urefu unanyooka na kisha kurudi. Ndiyo makunyanzi ya ngozi niliyoyasahau kwenye jozi ya kwanza. Mkanda ulitoka wa sentimita 3 na nusu. Umewekwa ili kifundo cha kidole kikae katikati yake, nusu upande huu na nusu ule. Hauna gamba hata moja.

Mzunguko mmoja baada ya mkanda, safu ya kwanza. Tundu liko karibu milimita 18 nyuma ya kilele cha kifundo cha kidole, na gamba linashuka milimita 18, kwa hiyo ncha inaishia kileleni hasa. Ngumi ikikunjwa, gamba zima liko juu ya mgongo wa kiganja ulio bapa. Mkanda unafunguka mbele yake, nalo halina habari.

Baada ya hapo ni uvumilivu. Magamba sita, kisha mizunguko mitatu mitupu, kisha matano yaliyosogea vitanzi viwili, na kuendelea hivyo kwenye vitanzi 24 vya mgongoni. Kwenye mzunguko unaofuata gamba, kile kitanzi kilicholibeba nakifuma kwa kuingiza sindano nyuma yake, kijipinde na kukaza shingo ya gamba. Safu sasa zinatengana kama milimita 11, hivyo kila gamba linaingia milimita 7 hivi juu ya safu inayofuata, si kwa ncha tu bali kwa sehemu yenye upana. Safu 11 kwa kila glavu, magamba 61, jozi nzima 122.

Nilipima mia moja kwenye mizani: gramu 35. Jozi inabeba basi gramu 43 za alumini, ambazo mkono unazisahau. Aliwahi kuniuliza kama tungetumia chuma cha pua kwa ajili ya ule mng'ao wa baridi. Chuma cha pua ni kizito karibu mara tatu ya alumini kwa ujazo uleule, tungekaribia gramu 125 juu ya uzi ambao hata hamsini na kitu haufiki. Glavu ingeshuka mkononi kila anapoinama.

Kilichonisumbua kuliko gamba ni gumba. Ukifuma kutoka kifundo cha mkono, kabari ya kidole gumba unaiongeza vitanzi polepole na kuiacha wazi kwa juu, kazi ya kawaida. Ukitoka vidoleni unafika gumba likiwa tayari ni pana. Nililifuma kwanza peke yake, bomba dogo, nikaliweka kwenye uzi wa akiba, kisha nikaliunga na mwili kama mkono wa sweta unavyoungwa kwapani, na kutoka hapo nikapunguza vitanzi viwili kila mzunguko wa tatu hadi 14 vya ziada vikaisha. Pia kumbuka hili, nalisema kwa sababu limenipata zamani: glavu tupu za namna hii huvaliwa mkono wowote, lakini mgongo ukishapata magamba kuna kulia na kushoto. Nilishamaliza jozi moja yenye mikono miwili ya kulia. Ipo hadi leo.

Alipokuja kuchukua

Alikunja ngumi kabla hata ya kukaa. Magamba yalibaki yamelala. Mkanda ulifunguka, na glavu yenyewe ilijirudisha nyuma kwenye pingili kama milimita 4, kwa sababu matuta hayakutoa urefu wote uliohitajika. Akifungua mkono inarudi, ila si yote, na kila baada ya muda anaivuta. Ningeongeza matuta mawili kama ningefuma ya tatu.

Aliinua mikono juu akaitikisa. Ya katikati yalikaa. Kwenye ukingo wa nje, upande wa kidole kidogo, mawili yalipinduka, kwa kuwa ukingoni gamba linakandamizwa na jirani mmoja badala ya wawili. Niliyafunga kwa mshono mmoja wa uzi mwembamba chini ya ncha. Ni udanganyifu mdogo, na sioni aibu.

Kifundo cha mkono kimebaki na kasoro. Akikunja mkono kuelekea nyuma, safu zinasongamana na zile mbili za mwisho zinainuka kidogo. Akiukunja mbele, zinaachana. Upande mmoja unataka nafasi zaidi kati ya safu na mwingine unataka pungufu, na nimeacha mizunguko minne ileile kwa sababu jukwaani anaukunja mbele mara nyingi zaidi. Sina jibu bora.

Jambo ambalo hatukulifikiria ni sauti. Magamba yaliyokuwa mbalimbali yalikuwa kimya. Sasa yamelaliana, na kila anapogeuza mkono yanagongana kama sarafu mfukoni. Katika vita ni raha. Katika tukio la barua, ambapo ukumbi mzima unatakiwa kunyamaza, alijaribu mbele yangu mara tatu, polepole, akiwa ameuma mdomo. Mara ya tatu aliingiza mkono kwenye joho, akakwama kidogo, akajifanya anatafuta, kisha akautoa na yale magamba yakatoa mlio mrefu mwembamba. Alinitazama.

"Huu nitaubakisha," akasema.

Kuhusu kufua nilimpa maelekezo mafupi: maji ya vuguvugu, sabuni laini, zilazwe bapa zikauke, magadi na dawa za kung'arisha nguo zisizikaribie, kwa kuwa magadi hula ile ngozi ya oksidi na dawa ya kung'arisha inafifisha rangi yake. Nikampa pia magamba sita ya akiba na uzi. Gamba likidondoka katikati ya kazi hakuna haja ya kufumua: unafuata njia ya kitanzi kwa sindano ya kushonea, unalipitisha gamba, unafunga fundo upande wa ndani.

Yale tisa yenye kijino yamo kwenye kopo juu ya rafu. Kila mwanafunzi anayekuja kujifunza kazi hii nampa soksi ya nailoni na kopo zima, yakiwa yamechanganywa na mazuri, ayatafute.